Filamu Nilizompendekezea Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu mwenye maoni mengi kama mimi hawezi kuyaacha yapotee hewani. Karakanani hakuna anayenisikiliza tena. Tunatengeneza makochi, mimi na Kaka, nyuma ya nyumba yake, tangu enzi nilipokuwa napinda misumari zaidi kuliko kuipigilia. Siku zote runinga ndogo imewashwa juu ya rafu ya gundi. Filamu inakwenda, sisi tunavuta vitambaa na kubishana. Kaka ana hukumu mbili tu: bora, au takataka. Mimi ndiye mhakiki. Jina hilo nimejipa mwenyewe. Wengine watalizoea.

Sasa Kaka yuko hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Tumbo. Walimpasua, wakatazama, wakashona haraka kuliko walivyofungua. Sipendi kuandika zaidi.

Leo nimempelekea filamu kwenye tableti. Mpishi wa meli anaachwa kwenye bandari ya ugenini, anaanza maisha upya. Nilikuwa nimeisifia wiki nzima. Katikati ya filamu, mpishi akakohoa. Roho juu! Hakuna mtu anayekohoa kwenye filamu halafu akaishi. Mafua ya kawaida hayapo huko. Nikazima upesi, nikasema imekwama.

Kosa kubwa. Kaka alipata nafasi ya kusema. Akasema daktari anataka kumpasua tena na haahidi kitu. Akasema yeye hataki kisu tena, anataka kwenda nyumbani. Akaniomba nimwambie shemeji, kwa sababu kila akianza kumwambia mwenyewe, shemeji analia na mazungumzo yanaishia hapo.

Tableti ikapona palepale. Nikaruka mbele mpaka mpishi anapocheza dansi na muuza mboga. Kaka akatazama dansi. Nilipomuuliza maoni, akasema muuza mboga anajua kucheza.

Nimepata mpango. Kuanzia sasa, filamu zisizo na kifo hata kimoja. Mgonjwa akichangamka, habari za kwenda nyumbani zitamtoka kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nimeanza na Mshonaji, mama anayetushonea foronya za makochi. Hutazama filamu huku cherehani inakwenda na hajawahi kushona mkono wake. Nikamwomba anipendekezee kitu cha furaha tupu.

Akapendekeza ya harusi, akasema nitavunjika mbavu. Nikaitazama wakati wa chakula. Bibi wa bwana harusi akaanguka kwenye karamu, akafa na keki mkononi! Nikarudi kwa Mshonaji na malalamiko. Akasema bibi mwenyewe alikufa akicheka, nataka nini zaidi?

Akanipa katuni ya bata. Bata mama, mwindaji, basi. Katuni! Ya watoto!

Nikatafuta mwenyewe. Nikapata ya nyuki, maelezo matupu, hakuna hadithi. Nikaketi kwa raha. Kumbe nyuki dume akishapata mke anakufa hapohapo. Wanaonyesha polepole, na muziki juu yake. Hawana aibu hawa watu.

Kochi la daktari wa meno halijaguswa leo. Sponji imekatwa, fremu iko uchi. Mshonaji amesema nikitaka filamu isiyo na kifo nitazame matangazo ya sabuni. Nimemnunia. Baadaye akasimamisha cherehani, akauliza Kaka anasemaje, kweli kweli. Nikamjibu kwamba Kaka anasema filamu ya jana ilikuwa bora. Akainamia kitambaa chake, akaendelea kushona.

Hata hivyo siku haikupotea bure. Nimegundua jambo: karibu wote hufa mwishoni. Bibi mwishoni. Nyuki mwishoni. Kwa hiyo shida haiko kwenye filamu. Shida ni mwisho. Mwisho ukiondoka, kila filamu ni nzuri.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Sista wa wodi ni mama mkali, anapiga kengele ya kufunga saa ya wageni bila kumwonea mtu huruma. Kengele ya shaba, mpini wa mbao, anaitikisa kama anafukuza kuku. Hapo ndipo nilipoona njia. Ukianzisha filamu kwa hesabu nzuri, kengele inalia kabla ya balaa. Unafunga tableti, unasema pole, sheria ni sheria. Nani atamlaumu mgeni anayetii sheria?

Nimejaribu leo. Filamu ya mzee anayepanda mlima na mjukuu wake. Nilishaitazama nyumbani mpaka pale mawingu yanapokuwa meusi, nikafunga macho na kuizima. Mwisho wake sijauona. Sina haja. Mhakiki hodari anaunusa mwisho kutoka mbali.

Kengele ililia mzee na mjukuu wakinywa chai ndani ya hema. Tamu kabisa! Kaka akaomba nimwachie tableti ilale naye, ataichaji ukutani. Nikakubali, nikamwonya asiendelee bila mimi, maana filamu hutazamwa na mwenzio. Akaahidi. Kaka hajawahi kunivunjia ahadi maishani.

Doa moja. Kitanda cha pili yuko mzee aliyekuwa dereva wa malori, mguu umeoza kwa sukari, mdomo mzima. Anajiita Dereva, na wodi nzima imekubali, wakati mimi jina langu la Mhakiki hakuna anayelitumia. Ameanza kutoa maoni. Hakuna aliyemwomba! Kwake filamu isiyo na gari ni mahubiri. Alitazama mlima wote kwa kunyoosha shingo, kisha akasema ni filamu nzuri ila wangeweka hata pikipiki. Kaka akacheka. Mimi sijamchekesha Kaka tangu alazwe.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka aliniuliza mlima uliishaje. Nilijiandaa. Nikasema mzee aliteremka salama, akafungua hoteli chini ya mlima, mjukuu akasomea uhasibu. Dereva akapaliwa na maji, akakohoa mpaka Sista akaja kumpiga mgongo. Kaka akauliza hoteli ilikuwa ya aina gani. Nikasema nzuri, maji ya moto kila chumba, bustani. Kaka akafunga macho, mabega yakamtikisika. Nikadhani ni maumivu. Nikataka kumwita Sista, akanizuia kwa mkono.

Mkono huo haukuniachia. Alinishika kifundo. Vidole vimekonda, lakini nguvu ya kuvuta kitambaa bado ipo. Akasema tena. Anataka sebule yake. Anataka kusikia nyundo karakanani asubuhi na kumsikia shemeji akifokea redio. Akasema hana muda mrefu, mimi najua, yeye anajua, hata Dereva anajua. Akasema neno moja tu kutoka kwangu litatosha, kwa sababu shemeji hunisikiliza.

Nikasema sawa, lakini kwanza atazame hii. Nikabonyeza. Ilikuwa ya kesi ya mahakamani, majirani wawili wanagombania uzio. Hakuna aliyekufa, na haikuwa na maana yoyote. Kaka hakusema bora wala takataka. Alitazama dirisha.

Jioni nilimkuta shemeji uani anaanua nguo. Macho mekundu. Aliniuliza huwa tunazungumza nini na kaka yangu muda wote ule. Nikasema filamu tu. Akasema nina bahati mimi. Neno lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikamsaidia kukunja shuka.

Nitamwambia. Lakini shemeji akishajua, hakutakuwa na kupasuliwa tena, na bila kupasuliwa hakuna hata nafasi ndogo. Mtu gani anamtolea ndugu yake wa damu ruhusa ya namna hiyo? Mimi sina moyo huo. Heri nionekane mjinga.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu ya mwaka. Naandika mara moja, kisha nisiulizwe.

Sista mkali ana mapumziko. Zamu imeshikwa na mwingine, mpole, anawaachia wageni wakae. Mimi sikujua! Nilipanga filamu kwa kengele kama kawaida. Ndugu wawili wanajenga mashua. Niliichagua kwa sababu kwenye picha ya nje wote wawili wanatabasamu.

Saa ya kengele ikafika. Kimya. Nikatazama mlango. Kwenye tableti, kaka mkubwa akaweka randa chini, akasema amechoka kidogo. Nikatazama mlango. Akalala kitandani. Akamwita mdogo wake. Kaka yangu akajiinua kwenye mto ili aone vizuri. Dereva naye akasogea mpaka nusu ya mwili iko nje ya kitanda.

Nikasimama. Nikasema naenda msalani. Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Sista, hayupo, kengele ipo. Nikaitikisa. Niliitikisa kwa nguvu zote, kama nyumba inaungua.

Wodi yote ikainuka. Wageni wakakusanya vyombo. Binti yake Dereva, ambaye alikuwa amesafiri tangu alfajiri na kuingia muda uleule, hakuwahi hata kuketi. Alimwekea baba yake mfuko wa matunda, akambusu kichwani, akatoka analia. Mimi nilikuwa nimesimama na kengele mkononi. Sista mpole alipotokea hakuonekana mpole hata kidogo. Nimepigwa marufuku mpaka Jumatatu.

Nilipopita kuchukua kofia yangu, Dereva hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alinitazama tu. Kaka naye akasema kwa sauti ndogo kwamba mdogo wake ana shida, na wenzake wamvumilie. Mimi nina shida! Anayeumwa ni yeye!

Tableti ilibaki kwake.

Jumatatu, 10 Machi

Jana simu ililia mara nyingi. Shemeji. Sikupokea. Nilijua ni habari za kengele, na Jumapili si siku ya kugombezwa. Nililala na mto kichwani.

Leo marufuku imeisha. Nikaenda hospitali saa ya wageni ya asubuhi, moja kwa moja, bila kupitia karakanani. Nimevaa shati safi. Ndani ya flashi nina filamu mpya, dada wawili wanaendesha nyumba ya wageni karibu na kituo cha treni.

Kitanda cha dirishani hakina mtu. Godoro limekunjwa. Kabati dogo liko wazi, tupu, limefutwa.

Nikakumbuka simu za jana. Zote zile, na mimi na mto wangu. Nikakaa juu ya godoro lililokunjwa. Sikuweza kuuliza mtu. Nilijua nikiuliza nitajibiwa. Nilikaa hapo nikitazama dirisha alilokuwa analitazama Kaka, na kumbe upande wa pili hakuna kitu, ukuta tu na bomba la maji. Yote aliyokuwa anatazama ni bomba la maji.

Dereva akaniambia Kaka yuko nyumbani. Ameondoka jana, kwa miguu yake mpaka mlangoni, shemeji upande mmoja, Sista upande mwingine.

Nikauliza imekuwaje. Akasema shemeji alikuja peke yake Jumapili, basi yeye akamwambia. Kwa maneno gani? Maneno hayohayo, akasema. Kwamba mumeo anataka kwenda nyumbani na anaogopa kukuliza. Shemeji alilia, Kaka akalia, halafu wakaanza kucheka wote wawili, halafu wakafunga mizigo.

Yaani ndivyo! Mtu baki, mguu mbovu, anaingilia mambo ya ukoo! Nilimwambia hakuwa na haki. Akasema ameendesha lori miaka mingi, na abiria akisema ashushwe hapa, unamshusha hapa. Nikamwambia Kaka si abiria. Nikatoka. Korido nzima nilikuwa nalia kwa hasira, angalau mwanzoni ilikuwa hasira.

Jumanne, 11 Machi

Kaka yuko sebuleni, juu ya kochi la kijani. Hilo ndilo kochi la kwanza tulilotengeneza pamoja. Mkono wake wa kushoto umeinama, kazi yangu hiyo, na hajawahi kukubali niurekebishe. Amefunikwa shuka mpaka kifuani. Amebaki macho na masikio, lakini ana furaha! Nilipiga misumari asubuhi, akamtuma Mshonaji aniambie nyundo yangu bado inalia kama ya mwanafunzi.

Lazima nikiri kwamba nyumbani panamfaa. Sitamwambia Dereva.

Shemeji hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku nyingine nipokee simu.

Mchana tukaanza dada wawili, kwenye runinga kubwa. Filamu nzuri jamani! Dada mkubwa ana sauti ya kuamrisha, mdogo anavunja vyombo, wageni wanatoka na kuingia na treni zao. Kaka alisema bora kabla hata hatujafika katikati. Tatizo: nyumbani hakuna kengele. Nikasubiri mpaka dada mdogo anavishwa pete, wote wanapiga makofi, nikasema basi kwa leo, mgonjwa apumzike. Kaka hakubisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimesalitiwa.

Leo nilimwambia Kaka kwamba nimeutazama mwisho wa dada wawili nyumbani kwangu, na mambo yanaishia palepale kwenye pete. Kaka akaniambia nikae. Nikakaa kwenye mkono ulioinama. Akasema, polepole, kwa kupumzika katikati ya maneno, kwamba filamu zote nilizompelekea hospitali alizimalizia jioni na Dereva. Zote. Mpishi alikufa. Mzee wa mlimani alibaki mlimani. Kaka wa mashua hakuipanda mashua.

Aliahidi! Nilimkumbusha ahadi yake. Akasema ndiyo, ameivunja, nimsamehe. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anauliza habari za ile hoteli chini ya mlima. Akasema ilikuwa hoteli nzuri. Akasema Dereva alicheka mpaka dripu ikachomoka.

Nilitaka kuondoka. Akanishika shati. Akasema nisiogope, kwenye ile ya mlimani mjukuu aliteremka mwenyewe. Njia aliijua, alikuwa ameshafundishwa. Nikasema sitaki kuambiwa mwisho wa filamu, ni tabia mbaya, kila mpenda filamu anajua. Nikaziba masikio. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, nimeziba masikio sebuleni kwa watu.

Nilipoyazibua alikuwa bado anangoja. Akasema ana ombi moja, la mwisho la kihakiki. Aliniita hivyo! Mhakiki! Hajawahi. Ameona miisho mingi na Dereva, na Dereva ni mtu mwema lakini si ndugu yake. Anataka kuona mwisho mmoja na mimi. Wa dada wawili. Tukae hapo, mimi na yeye, mpaka majina yapite, kisha tubishane kama zamani.

Nimeahidi. Kesho mchana. Nimeahidi kwa moyo mweupe, Mungu anajua.

Alhamisi, 13 Machi

Tulianza vizuri. Nilikaa karibu yake, bega kwa bega. Shemeji alikuwa jikoni. Tulirudia kuanzia kwenye pete. Makofi. Muziki. Treni ya asubuhi. Kaka akasema rangi ya lile koti la dada mkubwa ingependeza kwenye kochi.

Halafu dada mkubwa akakohoa.

Nilijikaza. Nilijikaza kweli. Akakohoa tena, akaficha leso. Nikamtazama Kaka, alikuwa anatazama filamu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemsubiri mgeni anayemfahamu. Nikasema naenda kunywa maji.

Sikunywa maji. Nilitoka uani, nikafungua kisanduku cha umeme, nikashusha swichi kuu.

Nyumba ikanyamaza. Cherehani ya Mshonaji ikasimama. Nikapaza sauti kwamba umeme umekatika, msiwe na wasiwasi, natengeneza. Nikachukua bisibisi. Nikagonga kisanduku hapa na pale ili wasikie kazi inaendelea. Nilipanga kugonga mpaka Kaka apate usingizi. Akiamka, tungeanza tena mwanzoni kabisa, wageni wapya, treni mpya, siku nzima mbele yetu.

Mshonaji alitoka karakanani. Alitazama swichi iliyo chini. Alinitazama mimi. Akasema niiwashe niingie ndani. Nikasema ni hatari, waya umelegea. Hakubishana, aliingia ndani yeye.

Shemeji akaniita. Nikajibu bado kidogo. Akaniita tena, na sauti haikuwa ileile. Nikajibu bado kidogo. Nilikuwa nagonga kisanduku. Hakuna aliyeniita mara ya tatu.

Jumapili, 16 Machi

Tumemzika jana. Watu walikuwa wengi. Wateja wa makochi wamekuja, hata daktari wa meno, ambaye kochi lake halijaisha na hakuuliza. Nilisimama mbele pale ndugu wanaposimama. Sikumbuki aliyoyasema msemaji. Wakati wa kushusha niligeuka kutazama miti. Wameniambia ilikwenda vizuri.

Leo nyumba imepungua watu. Shemeji alinikalisha jikoni. Nilidhani Mshonaji amemwambia habari za swichi. Hakumwambia. Shemeji alinishukuru. Alinishukuru kwa kuhangaika na umeme kwenye jua lile wakati kaka yangu anaaga.

Akanisimulia. Kaka aliuliza niko wapi. Yeye akamjibu niko nje natengeneza umeme, akataka kuja kunivuta mkono. Kaka akatabasamu. Akasema mwacheni. Akasema nitamaliza nikiwa tayari, nisiharakishwe. Kisha akamwomba shemeji ashike mkono wake, na Mshonaji akashika wa pili.

Mkono wa pili ulikuwa wa kushikwa na mimi.

Kaka alijua. Swichi, kengele, tableti iliyokwama, yote. Nimelia mpaka shemeji, mjane wa siku chache, akawa ndiye wa kunibembeleza mimi. Nampenda kaka yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa hai na nilikuwa uani na bisibisi.

Nimefikiri sana usiku huu na nimefikia uamuzi wa haki. Kosa si langu. Kosa ni la watengeneza filamu. Wangeandika mwanzoni nani anakohoa, mtu angejipanga.

Jumamosi, 22 Machi

Dereva ametuma salamu za pole, na ujumbe. Nikaenda kumwona leo, kwa heshima ya Kaka. Kitanda cha dirishani kina kijana aliyevunjika mkono, analala mdomo wazi.

Dereva amepungua. Jumatatu wanamkata mguu, na moyo wake una matatizo, kwa hiyo hawaahidi kitu. Binti yake hatawahi kufika, alikuja juzi tu. Aliniuliza Kaka alikwendaje. Nikasema vizuri, amezungukwa na watu wake. Akafurahi. Hakuniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilimwomba radhi kwa kengele, nikamshukuru kwa kumpeleka Kaka nyumbani. Nilishangaa jinsi ilivyotoka kirahisi.

Kisha akaniomba filamu. Kesho, saa ya wageni. Iwe na gari, basi. Akasema anataka niitazame naye mpaka mwisho, kwa sababu kaka yangu alimwambia kwamba nikishatulia mimi ni mtazamaji mzuri, na peke yake hataki. Nikamshika mkono, nikamwahidi.

Nilimsimulia Mshonaji. Akaacha kushona kabisa. Akanitazama machoni, akasema safari hii nikae. Nisiende msalani, nisinywe maji, nikae. Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli, maumivu yamenifunza. Kukimbiakimbia na kengele na swichi ni utoto. Mtu anatakiwa kukaa na mwenzake bega kwa bega, kwa utulivu, bila hofu yoyote.

Kwa hiyo nimetafuta filamu ya lori. Dereva mmoja anavusha jangwa na shehena ya madirisha ya kioo. Nzuri ajabu! Niliitazama mpaka anapofika kisimani, ananawa uso, anacheka na wachungaji. Kisha akashika kifua, nikazima.

Jioni nikaipeleka kwa fundi kompyuta wa barabara ya pili. Nikamwomba akate kila kitu baada ya kisima. Kazi ndogo, akasema. Kesho nitakaa na yule mzee mpaka mwisho kabisa, kama nilivyoahidi. Fundi aliniuliza kama ningependa kuona kilichobaki kabla hajakifuta. Nikamwambia afute tu, mimi namsubiri nje.